Siku Mtani Alipozungumza na Ukuta

Juzi, hapa Kibaha, pale Kwa Mathias, nilipita karibu na mama mmoja aliyetandaza mikeka chini, na harufu ikanifikia kabla macho hayajaona. Ilikuwa harufu ya ukindu uliochemshwa na magome ya mti, halafu ukafukiwa kwenye tope la bondeni. Nikasimama. Mjukuu wangu akadhani nataka kununua, akaanza kuulizia bei. Mimi wala sikuwa na haja ya mkeka. Nilikuwa nimeshafika uani kwetu, Kisarawe ya ndani kule, nimechuchumaa mbele ya chungu kinachotokota, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Niwataje kwanza waliokuwepo, msije mkanipotelea njiani. Alikuwepo mama yangu, Tabu binti Sefu. Alikuwepo Mjomba Kondo, kaka yake mama, na kwetu sisi Wazaramo wa wakati ule mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Baba yetu, Mzee Pazi, alikuwa mtu wa kusikiliza, akishasikiliza anachukua jembe anaondoka. Alikuwepo Bi Mgeni, kungwi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwamba akikohoa hata kuku wanatulia. Alikuwepo dada yangu Mwamvua, mzaliwa wa kwanza. Na kule Ruvu alikuwepo Bibi Chausiku, aliyewazaa mama na Mjomba Kondo, pamoja na jirani yake Maganga, Mnyamwezi aliyeletwa na kazi za reli akasahau kurudi kwao. Mimi ni Tatu, wa mwisho, meno ya utoto nilikuwa bado sijamaliza kuyang'oa.

Dada Mwamvua alikuwa mwali. Siku hizi neno hilo mnalisikia kwenye taarabu na mialiko ya harusi, lakini kwetu lilikuwa na uzito wake. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani, kwenye chumba kisicho na dirisha, asionwe na jua wala na mwanamume. Hapaswi kusema kwa sauti. Akitaka kitu anagonga ukuta kwa kidole, taratibu. Na anakaa humo mpaka mavuno yatakapokuwa mazuri ya kutosha kumchezea ngoma na kulisha watu, ndipo anatolewa. Mvua ikiwa mbaya, basi anakaa. Mwaka ule mvua ilikuwa mbaya. Tulivuna mihogo myembamba kama vidole vya mgonjwa, na Dada akabaki ndani.

Mimi ndiye nilikuwa miguu yake. Nilimpelekea chakula na maji, nikamsimulia nani kapita, nani kagombana na nani, mbuzi wa nani kala nini. Alikuwa amekuwa mweupe humo ndani, na macho yake makubwa, na kila nikiingia ananishika kwanza nywele na kuzinusa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Unanuka nje."

Kazi yake humo ilikuwa kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu ambao baadaye unashonwa kuwa mkeka. Mkeka wenyewe ulikuwa wa Bibi Chausiku. Maana Dada hakulelewa na mama; alipoacha kunyonya tu Bibi alikuja kumchukua, kama ilivyokuwa desturi kwa mjukuu wa kwanza, akakaa naye Ruvu mpaka alipokuwa msichana. Akisema "kwetu" alikuwa na maana ya Ruvu. Na aliniambia, kwa ile sauti ya mwali iliyo kama upepo kwenye makuti, kwamba siku akitolewa, ngoma ikiisha, jambo la kwanza ni kwenda kumuona Bibi. Hakutaka kanga mpya wala shanga. Alitaka kwenda Ruvu, akiwa na mkeka kichwani.

Sasa, macho ya Bibi yalikuwa na ukungu. Mkeka mweupe asingeuona. "Natafuta rangi ambayo ataiona," Dada akasema. Rangi za dukani hatukuwa na namna ya kuzipata, kwa hiyo tukaanza kutafuta zetu, yeye akifikiri ndani na mimi nikijaribu nje.

Jamani, tulijaribu! Manjano yalitupa rangi nzuri, hiyo ilikuwa rahisi. Tukataka na nyekundu. Nikachemsha udongo mwekundu wa njia ya kisimani. Ukindu ukatoka mwekundu kweli, ukakauka, ukapukutika wote sakafuni ukarudi kuwa udongo. Nikachemsha mabibo, nikidhani utamu wake una rangi. Ukatoka ukindu wa kahawia unaonata, na kesho yake sisimizi wakaingia chumbani mwa mwali kwa msafara, bila kupiga hodi. Bi Mgeni akasema tangu azaliwe hajaona mwali aliyewekwa ndani na sisimizi. Halafu nikapata akili ya kuchemsha kipande cha kanga nyekundu ya mama. Kanga ile, kila ikifuliwa, inachuja mpaka inaharibu nguo zote za nyumba. Siku niliyoitaka ichuje, haikutoa hata tone. Mama alinichapa kwa upande uliobaki.

Nyeusi tuliipata kwa bahati. Nilichemsha ukindu na magome ya mkorosho, ukatoka rangi ya uchafu tu, nikaudhika nikautupa bondeni kwenye tope. Baada ya siku kadhaa nikauona umelala pale, mweusi ti, kama sizi la chungu. Nikaukimbiza nyumbani, nikaupenyeza kwa Dada. Akausogeza kwenye ufa wa mlango palipoingia mwanga, akaugeuza, akaugeuza. Akacheka kimya, mabega tu ndiyo yakicheka. "Huu Bibi atauona," akasema. "Hata akiwa amelala atauona."

Basi akasuka manjano na nyeusi. Ukili ukaanza kwenda.

Ndipo ikaja habari kwamba Bibi Chausiku anaumwa. Mama akanichukua mimi, tukatembea mpaka Soga, tukapanda gari moshi mpaka Ruvu. Tulimkuta kitandani, amekuwa mdogo kama mtoto, lakini kikopo chake cha ugoro bado amekifunga kwenye pindo la kanga. Kila aliyeingia, Bibi alimshika mkono akaupapasa vidole. "Mwamvua?" Hapana mama, ni mimi Tabu. "Mwamvua?" Hapana bibi, ni mimi Tatu. Anauachia mkono wako kama mtu aliyeokota jiwe akidhani ni yai.

Mjomba Kondo naye akaja. Bibi akamwambia, "Kondo, niletee mwanangu."

"Mama," Mjomba akasema, "yuko ndani."

"Najua yuko ndani."

"Na wewe mwenyewe ndiye uliyesema awekwe kama zamani, asitolewe harakaharaka kama hawa wa mjini."

Ilikuwa kweli. Bibi ndiye aliyetuma neno hilo, tena kwa msisitizo. Mwali hapandi gari moshi, hapiti njia ya watu mchana, na akivunja mwiko anaanza upya kana kwamba hajakaa hata siku moja. Bibi alizijua sheria hizo kuliko sisi wote, kwa kuwa yeye mwenyewe amewahi kuwafunda watu. Nilimtazama Mjomba. Alikuwa ameshika miguu ya mama yake, anaikanda, wala hakunyanyua uso. Mimi nilidhani ana moyo mgumu.

Siku aliyofariki Bibi nilikuwa nimetumwa mtoni kuchota maji. Nilirudi nikawakuta wanawake wameshika vichwa. Nikabaki nimesimama na ndoo yangu mlangoni, sijui niitue wapi.

Tulimzika huko huko Ruvu, tukakaa matanga. Wakati wa kurudi, kabla hatujafika kijijini, Mjomba Kondo akatusimamisha njiani. Mama akaambiwa avue kaniki ya msiba, avae kanga yake ya kila siku. Kisha Mjomba akasema, taratibu, kama mtu anayetembea kwenye miiba: Mwamvua asiambiwe. Akiambiwa atalia. Akilia kwa sauti, sauti ya mwali ikisikika nje, ameharibu. Ataanza upya, na msimu huu nao ukiwa mbaya, mtoto ataozea ndani. "Atolewe kwanza," akasema. "Akishatoka, alie mpaka achoke." Mama akaitikia kwa kichwa. Akanigeukia mimi, maana ni mimi niliyekuwa naingia mle chumbani. Akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Akikuuliza, sema Bibi hajambo, anakusalimu. Umesikia, Tatu?"

Nimesikia, mama.

Wasomaji wangu, ninyi mmekua, mnaweza kusema la kufanya. Mimi sikuwa na la kufanya. Nikisema, dada yangu anafungiwa upya. Nisiposema, dada yangu anamsukia mkeka mtu aliye chini ya udongo. Niliingia na bakuli la uji, naye akaninusa nywele.

"Bibi anaendeleaje?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mwambie nazipokea. Mwambie nimefika kwenye nyeusi."

Ikawa ndiyo hivyo kila nikiingia. Salamu zikawa nyingi, na nyingine nilizitia chumvi, kwa kuwa Dada alikuwa anataka zaidi ya neno moja. Nikamwambia Bibi anakula. Nikamwambia Bibi amecheka. Nikamwambia Bibi kapiga chafya ya ugoro mpaka mbwa kakimbia. Yeye anasuka, vidole vinakwenda, mimi nautazama mkanda unavyorefuka. Nilimuomba mama anitafutie mtu mwingine wa kupeleka chakula. Akaniuliza, "Nani?" Nikaangalia uani. Kweli, hakukuwa na mwingine.

Mjomba alikuwa ametufunga midomo sote, mpaka majirani. Alimsahau mtu mmoja tu, na huyo hata angemkumbuka asingeweza kumfunga. Sisi na Wanyamwezi ni watani, na mtani haambiwi nyamaza. Bibi mwenyewe alikuwa akisema, mtani ukimfunga mdomo ataongea kwa pua. Msibani mtani ndiye anayemwiga marehemu, anamsema, anadai vitu vyake, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye unayelipa faini.

Maganga alikuja asubuhi moja, jua limeshapanda, amejifunga kanga kiunoni na kitambaa kichwani kama mwanamke. Hakubisha hodi. Aliingia uani akichechemea mguu wa kushoto, mkono mgongoni, midomo ameiingiza ndani kama mtu asiye na meno. Jamani, alikuwa ni Bibi Chausiku yule! Kuku walimjua. Mama, aliyekuwa anapepeta, ungo ukamtoka mkononi.

"Wazaramo!" Maganga akapaza sauti. "Mavuno hamna, ngoma mnayo! Mko wapi?"

Mjomba Kondo akatoka mbio. "Maganga, karibu, njoo huku nyuma tuongee."

"Nyuma kuna nini? Mmeficha chakula?"

"Maganga! Ndani kuna mwali."

"Ndiye niliyemfuata."

Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa chumba cha Dada, akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye udongo wa ukuta. Nilikuwa nimesimama karibu, bakuli langu mkononi. Nilimchukia. Nilitamani nimrushie uji.

"Mwali," akauambia ukuta, "mimi mtani wako Maganga. Nimekuja kushtaki. Bibi yako mwizi. Ameondoka na kikopo changu cha ugoro mpaka chini ya ardhi. Nilitaka nimfukue, ndugu zako wakanizuia. Wameninyima jembe."

Mama alishika mdomo. Mjomba alinyanyua mkono, ukabaki hewani, akaushusha. Angefanya nini, ni mtani.

"Tena alinichosha," Maganga akaendelea. "Siku ile ya mwisho, Mwamvua, Mwamvua, Mwamvua. Nikasema huyu bibi atatumaliza. Nikaingia, nikampa mkono wangu. Mwamvua? akasema. Nikambania sauti: Ndiyo Bibi, ni mimi Mwamvua, nimekuja. Basi kizee kile hakina imani! Kikapandisha mkono kidogo kidogo mpaka kidevuni kwangu. Kikakuta ndevu. Kikasema: Mwamvua, huko ndani wanakulisha nini?"

Mama akapasuka kicheko. Akacheka machozi yakimtoka, akakaa chini, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka sikujua kipi ni kipi. Mjomba Kondo akageuka akatazama mihogo.

"Akacheka, mwali," Maganga akasema, na sauti yake sasa ilikuwa yake mwenyewe, ya chini. "Alicheka. Akakishika kidevu changu hivyo hivyo. Halafu basi."

Ndani ya chumba nikasikia kitu. Kilianza kama kicheko kilichozibwa na nguo. Kikaendelea kwa muda mrefu kuliko kicheko chochote nilichowahi kukisikia, kikabadilika humo humo ndani ya nguo, kikawa kitu kingine, hakikutoka nje ya ukuta. Bi Mgeni alikuwa ameshafika mlangoni. Akaingia. Akakaa humo. Alipotoka, Mjomba alikuwa anamsubiri, uso umemshuka.

"Amelia?" Mjomba akauliza.

Bi Mgeni akajifunga kanga yake vizuri. "Mwali amechekeshwa na mtani wake," akasema. "Kucheka hakuna mwiko." Akakohoa.

Maganga akasimama, akaanza tena kuchechemea. Akasema haondoki mikono mitupu, mtani akifiwa anachukua chake. Akagonga ukuta kwa kidole, taratibu, kama anavyogonga mwali. Mlango ukafunguka kidogo, mkono mweupe ukatoka na ukili wote, manjano na nyeusi, umekunjwa mzingo mkubwa, bado haujamalizwa, ncha za ukindu zimening'inia. Maganga akauchukua, akauweka kichwani, akaondoka nao. Nikamkimbilia mama nikalia kwamba Mnyamwezi kaiba mkeka wa Dada. Mama akaniambia ninyamaze.

Na mimi, kwa akili yangu ile, nilikuwa sijaambiwa kwamba kazi yangu imekwisha. Kesho yake niliingia na uji. Dada alikuwa amekaa pale pale, mikono mitupu mapajani. Hakuuliza. Nikaona nisipotoa salamu nitapigwa, nikasema mwenyewe:

"Bibi hajambo. Anakusalimu."

Dada Mwamvua akanivuta akaninusa nywele. "Zimefika," akasema. "Mwambie zimefika zote."

Nikaendelea kumletea salamu, na yeye akaendelea kuzipokea, mpaka msimu ulipokuwa mzuri akatolewa. Alibebwa mabegani, amepakwa mafuta, macho yamefumba kwa ukali wa jua. Watu walicheza mpaka vumbi likafika juu ya paa. Ngoma ilipoisha hakusema habari ya kwenda Ruvu, na mimi nikadhani amesahau.

Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu ndipo nilipoanza kuelewa, si kwa siku moja. Kwamba Mjomba Kondo alikuwa anamkatalia mama yake mzazi, na alijua anachokifanya, na hakuwa na njia. Kwamba Maganga niliyemchukia alitembea kutoka Ruvu kuja kumletea dada yangu msiba wake mpaka mlangoni, kwa kuwa katika watu wote yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuubeba. Na kwamba yule mwali wa mikono mitupu, aliyekuwa hana hata ukindu wa kushika, alikuwa ananibeba mimi.

Lakini yapo ninayoshindwa kuyajua. Nilikuwepo Ruvu siku ile, na kabla ya kwenda mtoni sikumuona Maganga akiingia chumbani. Huenda aliingia nilipokuwa nachota. Huenda hakuingia kabisa, yale ya ndevu aliyatunga njiani akija kwetu. Dada sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nasema nitamuuliza, tukikaa tunaongea mengine, watoto, magoti, mvua. Sasa naye tumemzika, na mama, na Mjomba Kondo, na Bi Mgeni, nimebaki mimi mdogo wao wote, na sina wa kumuuliza.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi wa Ruvu ambao babu zenu walikuwa kwenye reli. Kama nimekosea jina, nirekebisheni. Kama Maganga alikuwa na mtoto au mjukuu aliyesikia habari hii kwa namna nyingine, asione haya, aniambie hata kama ni tofauti na nilivyosema. Na kama yupo anayejua ule mkeka aliupeleka wapi, mimi bado nipo hapa Kibaha, nasubiri kusikia.